Filamu ya kipelelezi Mtwara mjini: sare, silaha bandia, picha za usiku na taratibu za polisi. Naomba muongozo

Kusi_la_Shangani

Wakuu, habari za saa hizi. Tupo kikundi hapa Mtwara mjini, tumemaliza skripti ya filamu ya kipolisi ya dakika kama 90. Kwa ufupi: mlinzi wa ghala la korosho anakutwa amekufa alfajiri ya siku ya mnada. Magunia hayajaguswa hata moja, ila kitabu cha kupokelea mzigo hakipo. Jalada anapewa mpelelezi aliyehamishiwa huku kutoka Kanda ya Ziwa, hajui korosho wala hana anayemjua.

Hatutaki filamu ya miwani myeusi na magari ya kukodi. Tunataka vichochoro vya Chikongola, kuta za Mikindani zilizobanduka chokaa, jasho, na polisi wanaofanana na polisi. Naomba msaada kwenye haya:

Kibali na sare za polisi tunazipataje bila kujiingiza matatani? Bunduki tutengeneze au tuazime? Usiku tunapigaje na kamera moja ya Sony A7 III, lenzi ya 35mm na 85mm zote f/1.8, bila lori la taa? Na la mwisho, kesi ya mauaji inatembeaje kweli, kuanzia mwili unapookotwa hadi mahakamani? Skripti yetu kwa sasa inaishia kwenye hukumu wiki mbili baada ya tukio, na kuna mtu ametucheka.

Nawasilisha.

---

Jalada_Mezani

Aliyewacheka yuko sahihi, kwa hiyo nianze na hilo la mwisho. Filamu nyingi za Bongo zenye polisi zinavuja hapo, kisha zinajaribu kuziba kwa milio ya risasi.

Mwili unapookotwa, hatokei mtu mwenye glovu na koti refu. Anayepigiwa kwanza ni mwenyekiti wa mtaa au kiongozi wa chama cha msingi mwenye ghala, naye ndiye anayepiga kituoni. Wanakuja askari wawili watatu wenye sare kuzuia watu, na hapo watu wameshakanyaga kila kitu. Iacheni hiyo kwenye skripti, ni nyama: nyayo zote za mlangoni ni za makuli, wajumbe na watoto. Baadaye anakuja OC-CID, mkuu wa upelelezi wa wilaya, na vijana wake waliovaa kiraia. Mmoja wao anachora ramani ya eneo la tukio kwa mkono. Anapima kutoka kitu kisichohama, tuseme kona ya ghala: mwili uko hatua ngapi, taa iko wapi, mlango umefungukia upande gani. Ramani ile ni kielelezo, na aliyeichora ataitwa kuja kuieleza mbele ya Jaji. Mpeni mwigizaji wenu karatasi na kalamu inayogoma kuandika, mumwache achore kwa nusu dakika bila muziki. Mtazamaji atajua huyu ni askari kweli.

Vyeo msivirushe hovyo. Wanaohoji mashahidi na kutembea na jalada ni konstebo, koplo na sajenti wa upelelezi. Mkaguzi anasimamia, Mrakibu anasoma na kuuliza kwa nini hakuna kipya, na Kamanda wa Mkoa hagongi milango ya watu usiku. Askari wa vyeo vya chini anatambulishwa kwa namba yenye herufi mbele, na askari wa kike namba yake inaanza na WP. Na asiyevaa kofia hapigi saluti ya mkono, anakakamaa tu na "jambo afande". Makachero wenu wa kiraia wakianza kupigiana saluti kwenye baa, mmekwisha.

Upekuzi una watu wake. Lazima awepo shahidi huru, kwa kawaida mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, na kila kilichochukuliwa kinaandikwa kwenye hati ya ukamataji mali wanayosaini askari, mwenye nyumba na shahidi. Kuanzia hapo kielelezo kinahesabiwa mikono: nani alikabidhi kwa nani, lini, kikatunzwa wapi. Mkitaka mpelelezi wenu aanguke bila kupigwa risasi, mfanyeni akipate kile kitabu saa 8 usiku kwa haraka, bila shahidi. Kitabu anacho mkononi, ila wakili wa utetezi ataanzia hapo hapo kukitafuna.

Mahojiano nayo yana saa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inawapa polisi saa 4 za kumhoji mtu tangu akamatwe, na zinaweza kuongezwa hadi nyingine 8 kwa utaratibu wake. Maelezo ya onyo yanaanza kwa kumwambia halazimiki kusema chochote, na atakachosema kitaandikwa na chaweza kutumika kama ushahidi. Hakuna kioo cha kuonea upande mmoja. Kuna meza, benchi, feni inayolalamika, na askari anayeandika kwa mkono huku akirudia kila sentensi kwa sauti ndogo. Saa ya ukutani iwe ndani ya fremu tangu mwanzo, itawafanyia kazi ambayo muziki hauwezi.

Mahakamani sasa. Mshtakiwa wa mauaji anafikishwa kwanza kwa Hakimu, anasomewa shtaka na kuambiwa hatakiwi kujibu chochote, kwa sababu mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo. Dhamana hakuna. Kesi inatajwa, inaahirishwa, inatajwa tena baada ya wiki mbili hivi, na wakili wa Serikali anasema upelelezi haujakamilika. Kusikilizwa kwenyewe ni Mahakama Kuu, Kanda ya Mtwara, na huko ni mbali sana na wiki mbili. Ushauri wangu: futeni hukumu. Filamu iishie siku kesi inatajwa kwa mara ya pili au ya tatu, mpelelezi amekaa benchi la nyuma.

Halafu kitabu. Hapo mna dhahabu na nahisi hamjaichimba. Mnunuzi wa kangomba, yaani wa nje ya mfumo rasmi, anamfuata mkulima miezi ya kupulizia salfa, mkulima hana hela, anapewa kidogo na korosho zake zinakuwa zimeuzwa zikiwa bado juu ya mti. Msimu ukifika, huyo mnunuzi hana pa kuuzia kihalali, maana mzigo wote unapita kwenye chama cha msingi, ghala kuu, kisha mnada. Kwa hiyo anauingiza kwa majina ya watu wengine. Mpelelezi asitafute mwizi wa magunia. Atafute jina la mtu aliyepeleka tani 3 na hana hata mkorosho mmoja nyuma ya nyumba. Na mgeni wa Kanda ya Ziwa hawezi kuliona hilo peke yake, lazima amwone kwanza bibi mmoja wa kijijini anayejua shamba la nani liko wapi.

Dogo la kumalizia: gunia la juti lililojaa korosho ghafi ni kama kilo 80. Wanalinyanyua wawili na kumtwisha wa tatu. Mwigizaji akilibeba kwa mkono mmoja, ghala zima ni uongo.

---

Bi_Props

Kibali: mlango ni Bodi ya Filamu. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 inataka kibali kabla ya kupiga picha na ukaguzi kabla ya kuonyesha. Andaeni skripti kamili, muhtasari, orodha ya waigizaji na mafundi, maeneo na tarehe. Anzeni kwa Afisa Utamaduni wa Manispaa ya Mtwara-Mikindani, atawaelekeza na ni mtu mtakayemhitaji tena. Mkishapata, barua kwa Kamanda wa Polisi wa Mkoa, nakala kwa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, na kwa mtendaji wa kila kata mtakayoingia. Bandarini msijaribu kuingia na kamera kwa mazoea, ni eneo la ulinzi. Hata kreni za kuonekana kwa mbali ziombeeni ruhusa kwa maandishi.

Sare: kuvaa sare ya polisi, au kitu kinachofanana nayo, bila ruhusa ni kosa, na "ni filamu tu" haikusaidii ukikutwa dukani unanunua maji. Njia rahisi ni ya kisanii. Wapelelezi wanavaa kiraia, kwa hiyo andikeni upya ili sare ibaki kwenye matukio mawili au matatu, yote mchana, yote sehemu moja. Hizo ndizo mziombee kwenye barua, mkitaja idadi, cheo na saa. Ombi linaweza kupanda hadi Makao Makuu, lipelekeni miezi kabla. Zikifika zikae kwenye begi lililofungwa, zivaliwe eneo la kazi na kuvuliwa hapo hapo. Kaki ni ya kazi za kawaida, nyeupe ni trafiki. Msichanganye.

Namba za PT, zile za magari ya polisi, msizifunge kwenye gari linalotembea barabarani. Difenda inaweza kuwepo bila kuwepo: taa ya bluu inayopiga ukutani, mlango unaofungwa nje ya fremu, buti mbili zinashuka. Gharama yake ni taa moja.

Silaha: za kweli hapana, hata tupu, hata za kuazima kwa mtu mwenye leseni. Tengenezeni. Askari wetu wanaiita SMG, ni ukoo wa AK, urefu wake kama sm 87. Chukua ubao laini wa unene wa sm 4, kata umbo, mtutu uwe bomba la plastiki la nusu inchi. Tatizo la mbao ni uzito. Ya kweli ni kilo 3 na nusu na zaidi, ya mbao mwigizaji anaizungusha kama fimbo ya kuchungia mbuzi na kila mtu anaona. Toboa tumbo la ubao, ingiza vipande viwili vya nondo ya mm 12 vyenye sm 60 kila kimoja, umeongeza kama kilo moja. Paka rangi nyeusi isiyong'aa, ikikauka sugua kingo zote na unga wa risasi ya penseli kwa kitambaa. Kingo zinachukua mng'ao wa chuma kilichoshikwa miaka. Ile nyeusi tii kama simu mpya inaonekana imetoka kwa fundi jana.

Mlio msipige kitu chochote. Kwenye uhariri weka mwako wa mtutuni fremu moja tu; kwa picha 25 kwa sekunde hiyo ni sehemu ya 25 ya sekunde na inatosha. Wengi wanaweka fremu nne, inakuwa kama fataki za Iddi. Ila siku ya kupiga, mtu asimame nje ya fremu na taa ya LED aiwashe na kuizima kwa wakati ule ule, ukuta upate mwanga. Mwako bila ukuta kung'aa ndio unaofichua uongo. Na kama anayefyatua yuko mita 100 kutoka kamera, chelewesha sauti kwa fremu 7, kwa kuwa sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde.

Damu: chemsha kilo 1 ya sukari na nusu lita ya maji hadi iwe nzito, ikipoa weka vijiko viwili vya chai vya rangi nyekundu ya chakula na kimoja cha kakao. Bila kakao ni juisi. Kwa tukio la usiku punguza kakao nusu, kwani gizani nyekundu nzito inageuka lami. Ina sukari, sisimizi watakuja ndani ya dakika 20, kwa hiyo marehemu alale juu ya turubai na damu imwagwe mwisho kabisa. Shati la marehemu liwe matatu yanayofanana. Rangi hiyo haitoki.

---

Mwanga_wa_Kibanda

Kwa A7 III usiku, mambo yanayoua picha ni mawili: shata na tamaa ya S-Log, ile picha iliyofifia ya kurekebishwa rangi baadaye.

Weka kamera kwenye PAL, 25p, shata 1/50, usiiguse tena. Umeme wetu ni 50Hz, taa zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Ukiweka 1/60 utaona mistari inatembea kwenye kuta, hasa kwa zile LED za bei ya chini za vibandani. Ukitaka mwendo wa polepole tumia 100p na shata 1/100. Usiifanye 120, taa zote za mtaa zitacheza.

S-Log kwenye kamera hiyo inaanzia ISO 800 na ndani inarekodi 8-bit tu. Gizani, ukija kuiinua kwenye uhariri, anga inakatika matabaka kama ngazi. Tumia Cine4, mpangilio wa picha uliomo kwenye kamera, ISO kati ya 1600 na 6400, na pima usoni, siyo kwenye taa. Usiku unaoeleweka ni ule wenye weusi halisi pembeni na kitu kimoja kinachong'aa nyuma ya mhusika. Wengi wanaangaza kila kona halafu wanaifanya bluu kwenye kompyuta. Matokeo yake ni mchana mgonjwa.

Lori la taa hamlihitaji. Tumieni taa zinazokuwepo kihalali kwenye fremu: balbu ya kibanda cha chipsi, taa ya bajaji, tochi ya mlinzi, mlango wa duka ulio wazi. Mbadilishe balbu tu. Ile nyeupe kali ya kibanda toa, weka ya njano ya wati 9, na nyingine iliyofichwa nyuma ya nguzo umbali wa mita 3 hadi 4 kuchonga bega. Mizani ya rangi iwe kama 4300K. Za njano zinabaki na joto, za mtaa zinapoa kidogo, na hapo una rangi mbili bila kugusa kompyuta.

Lami mwagieni maji. Kichochoro cha mita 30 kwa 3 ni mita za mraba 90, kinahitaji madumu 6 hadi 8 ya lita 20, na mnarudia kila picha chache. Kinachomeremeta ni lami na saruji. Mchanga wa Chikongola utakunywa maji yote na kuwapa tope, kwa hiyo mbio za miguu zipelekwe kwenye lami au kwenye sakafu ya ghala.

35mm ifanye asilimia kubwa ya kazi, mbeba kamera awe karibu, pumzi ya mhusika isikike. 85mm ibaki kwa kuchungulia: mtu anafuatiliwa, kuna kitu kimeziba nusu ya fremu mbele. Ukichanganya matumizi ya hizi mbili, mtazamaji hatajua lini anatazama na lini anapeleleza.

Jua huku linazama kati ya saa 12 kamili na saa 12:50 jioni kutegemea mwezi, na giza linaingia mbio. Ile bluu ya magharibi mna kama dakika 20 za maana. Picha pana zote za mji wa usiku zipigwe hapo, taa zikiwa zimewaka. Mazungumzo ndiyo yasubiri giza.

---

Kusi_la_Shangani

Aisee, asanteni sana. Jalada_Mezani umetubomolea nusu ya skripti lakini tumekubali, hukumu tumeshaifuta. Mawili yamebaki: sauti ufukweni, na je, ghala lenye mzigo tulipate mwezi gani?

---

Masikio_Mawili

Kusi inavuma kuanzia kama Mei hadi Septemba, na Shangani haina kizuizi. Ile sponji nyeusi inayokuja na maiki ni ya ndani ya nyumba. Ufukweni unahitaji manyoya ya kufunika maiki, na kama huna, usipige mazungumzo marefu pale. Piga picha, maneno yarudieni chumbani yenye magodoro ukutani. Kila eneo rekodini sekunde 60 za ukimya wa mahali hapo, watu wote wamesimama. Mhariri atazitumia kuziba kila mkato.

Maiki ya kifuani inachakacha ikigusa nguo za poliesta. Wapelelezi wavalisheni pamba, maiki ifungwe kwa plasta ya hospitali pande mbili. Maiki ya mti mrefu (boom) ikae nusu mita juu ya kichwa, sauti za juu zigonge -12 dB. Mtu akifoka kwenye mahojiano na ulikuwa umeseti kwa mnong'ono, imepasuka na hakuna programu itakayoirudisha.

Jenereta: mita 50 na nyuma ya ukuta. Adhana ya Ishaa pangeni iwe mapumziko. Au irekodini safi, mtaihitaji.

---

Jalada_Mezani

Ghala: minada huanza Oktoba. Oktoba na Novemba ghala limejaa lakini hakuna atakayewaruhusu kuzurura na nyaya katikati ya magunia ya watu. Pigeni nje ya ghala wakati huo, foleni ya malori, makuli, mizani, kwa ruhusa ya chama. Ya ndani pigeni msimu ukiisha, ghala tupu, na magunia 40 yaliyojazwa makapi. Yapangeni safu ya mbele tu, nyuma wekeni maboksi. Tegeni siku kavu, maana mvua zetu zinaingia Desemba, na bati likipigwa na mvua hakuna sauti.

---

Bi_Props

Nimesahau kitu na ni kikubwa kuliko vyote nilivyoandika. Kwenye skripti yenu kuna mtu anakimbizwa kichochoroni usiku. Neno "mwizi" lisipigwe kelele mtaani hata mara moja, hata kwenye mazoezi. Wanaolisikia nyumba tatu mbele hawaoni kamera, wanaona mtu anakimbia, na watatoka na walichonacho. Mwigizaji akimbie kimya, kelele ziingizwe studio.

Jioni ya siku ya kupiga, mjumbe apite nyumba kwa nyumba, siyo barua tu. Kila mdomo wa kichochoro asimame mtu wenu mwenye fulana ya kuakisi mwanga, na kijiwe cha bodaboda cha karibu kiambiwe saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Kituo cha polisi cha eneo wapigieni tena jioni hiyo hiyo, kwa sababu zamu hubadilika na aliyepokea barua huenda hayupo kaunta. Bunduki za mbao zihesabiwe zikitoka kwenye sanduku na zikirudi, na anayeshika ufunguo awe mmoja.

Pingu pia: funguo mbili, moja kwa mwigizaji anayefunga, nyingine kwa mtu wa props, yaani mtunza vifaa, nje ya fremu.